Tumehama kutoka Kentucky kwenda San Diego, na chuo kinamdai binti yangu dola 4,752

Ndugu washauri,

Salamu. Sisi ni Wakongo, watu wa Fizi. Tuliishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na mwaka 2021 tukaletwa Marekani kama wakimbizi, tukapangiwa Louisville, Kentucky. Grini kadi tulishapata. Mwaka jana, tarehe 27 Septemba, tulihamia San Diego kwa sababu kaka yangu anaishi hapa. Mwezi wa kwanza tulikaa kwake, kisha tukapata nyumba, na mkataba wake umeanza tarehe 1 Novemba.

Binti yangu Neema ana miaka 20. Alimaliza sekondari Louisville na sasa anataka kusomea uuguzi. Ameomba chuo cha jamii hapa, akakubaliwa, akachagua masomo ya yuniti 12 kwa muhula unaoanza Agosti. Bili ilipokuja tulishtuka: dola 4,752. Chuoni wanasema yeye si mkazi wa California, arudi akitimiza mwaka mmoja na siku moja. Lakini jirani yetu, Mkongo mwenzetu, ana miezi mitano tu hapa na mwanawe analipa dola 46 kwa yuniti. Sisi tuko Marekani tangu 2021! Mtoto wa jirani ana haki gani ambayo wangu hana?

Kila mtu anatupa lake. Kanisani mmoja amesema Neema ajiandikishe kupiga kura, ndiyo ushahidi mkubwa. Mwingine anasema atumie anwani ya kaka yangu, kwa kuwa amekaa hapa miaka tisa. Rafiki zake wa Louisville wanamwambia asome kwa mtandao katika chuo cha jamii cha kule, kwa bei ya mkazi wa Kentucky, na leseni yake ya udereva bado ni ya Kentucky kwa kuwa haijaisha muda. Yeye anafanya kazi dukani hapa tangu Novemba. Kodi za mwaka jana alitujazia yule yule mtu wetu wa Louisville, akazipeleka Kentucky tu.

Jambo la mwisho: mdogo wangu aliyebaki Kigoma anataka kuja kusoma kwa viza ya mwanafunzi. Je, naye baada ya mwaka atakuwa mkazi?

Mama Neema, City Heights, San Diego

JIBU

Mama Neema, pole kwa mshtuko wa bili hiyo. Habari njema ni kwamba Neema anaweza kulipa bei ya mkazi kuanzia muhula wa Januari au Februari, mkitengeneza karatasi zenu mwezi huu. Habari ngumu ni kwamba kwa muhula wa Agosti chuo kiko sahihi, na hapo hakuna mlango wa pembeni.

Tuanze na bili yenyewe. Katika vyuo vya jamii vya California kila mwanafunzi hutozwa dola 46 kwa yuniti (kipimo cha ukubwa wa somo), na bei hiyo ni moja jimbo zima. Asiye mkazi huongezewa ada ya pili juu yake, ambayo bodi ya kila wilaya ya vyuo huipanga kila mwaka. Katika wilaya nyingi inazidi dola 300 kwa yuniti. Bili ya Neema inaonyesha ameongezewa dola 350: yuniti 12 mara 396 ni 4,752. Akiwa mkazi, masomo yale yale ni dola 552. Na kama kipato chenu ni kidogo, mkazi anaweza kuomba California College Promise Grant, ambayo hufuta hata hizo 46. Msamaha huo hauigusi ada ya asiye mkazi, kwa hiyo asihangaike nao kwa sasa.

Kuhusu mtoto wa jirani: hakupendelewa. California ina sheria inayomsamehe mkimbizi ada ya asiye mkazi katika vyuo vya jamii hadi atimize muda wa kuwa mkazi, ila sheria hiyo inamhusu yule ambaye alipoingia Marekani makazi yake ya kwanza yalikuwa California. Nyinyi mlipangiwa Kentucky. Ukimbizi wenu ni ule ule, na hakuna anayeutilia shaka, lakini msamaha ule unafuata jimbo la kwanza mtu alikofikia. Familia nyingi za Wakongo na Warundi zilizohama kutoka Kentucky, Texas au Iowa hukwama hapa, na huumia kwa sababu hazikuelezwa kabla ya kufunga mizigo. Grini kadi nayo haifupishi muda. Inampa mtu haki ya kujenga ukaazi wa California, kama mkimbizi alivyo nayo, lakini saa ya jimbo huanza kuhesabu siku alipofika jimboni akiwa na nia ya kubaki.

Hiyo nia ndiyo watu wengi huisahau. Sheria inataka mambo mawili kwa pamoja: mwili uwe California, na matendo yaonyeshe kwamba hapa ndipo nyumbani. Mwaka unahesabiwa tangu siku mambo hayo mawili yalipokutana, na unapimwa kwa siku moja tu, yaani siku inayotangulia siku ya kwanza ya masomo ya muhula. Neema alifika 27 Septemba. Masomo ya muhula huu yanaanza Agosti, kwa hiyo siku hiyo ya kipimo atakuwa na takriban miezi kumi na moja. Asidanganywe pia na madarasa mafupi yanayoanza Oktoba ndani ya muhula huo huo, maana kwa kawaida chuo hutumia tarehe moja ya kipimo kwa muhula mzima. Muhula unaofuata huanza mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, na kufikia hapo ana mwaka na miezi minne.

Mkataba wenu wa nyumba kuanza Novemba usiwape hofu. Hata chuo kikigoma kuhesabu ule mwezi mliokaa kwa kaka yako, mwaka na siku moja tangu 1 Novemba unatimia kabla ya Januari. Tatizo ni karatasi nyingine tatu: leseni, kodi, na hilo wazo la kusoma Kentucky.

Neema ana miaka 20, kwa hiyo ukaazi wake unatazamwa kwa matendo yake mwenyewe. Mkataba wenye jina lako peke yako unasaidia kidogo tu. Afisa wa udahili atataka kuona jina la Neema, tarehe, na anwani ya California. Hakuna hati moja inayoamua yote. Zinapimwa kwa pamoja, na zile zinazovuta upande wa Kentucky zinapunguza uzito wa zile za California. Kanuni za jimbo zinataja waziwazi matendo yanayopingana na dai la ukaazi, na miongoni mwake ni kubaki na leseni au usajili wa gari wa jimbo jingine, kujitangaza kwenye kodi kuwa si mkazi wa California, na kusoma katika chuo cha jimbo jingine kama mkazi wa huko.

Kwa hiyo ule ushauri wa rafiki zake wa Louisville ndio wenye hasara kubwa kuliko yote mliyopewa. Akijiandikisha huko kwa bei ya mkazi, hata akisoma akiwa chumbani kwake City Heights, atakuwa ametia saini kwamba Kentucky ndiyo makazi yake. Fomu ya maombi ya vyuo vya California, CCCApply, ina swali linalouliza kama mwombaji alijitangaza mkazi katika chuo cha nje ya jimbo. Atajibu ndiyo, na saa yake inaweza kuanza upya. Ataokoa pesa za somo moja au mawili Kentucky na kupoteza bei ya mkazi hapa kwa mwaka mzima.

Leseni aishughulikie wiki hii. Anayehamia California anatakiwa kuomba leseni ya hapa ndani ya siku 10 tangu kuwa mkazi, na gari lisajiliwe ndani ya siku 20, kwa hiyo amechelewa tayari. Aende DMV, ofisi ya leseni na magari, na grini kadi, namba yake ya Social Security, karatasi mbili zenye anwani ya hapa, na leseni ya Kentucky ambayo ataikabidhi. Atafanya mtihani wa maswali, na mtu mzima mwenye leseni halali ya jimbo jingine mara nyingi hasumbuliwi na mtihani wa barabarani. Afisa mkali anaweza kusema nia yake ilianza siku alipobadilisha leseni. Ndiyo maana kila wiki ina thamani, na ndiyo maana zile hati za Novemba lazima ziwe na nguvu.

Hapo inaingia kodi. Mlihama Septemba, kwa hiyo kwa mwaka jana mlikuwa wakazi wa majimbo mawili, sehemu ya mwaka huku na sehemu kule. Aliyewajazia alipaswa kupeleka Kentucky fomu 740-NP, ambayo hutumiwa na waliohama katikati ya mwaka, na California fomu 540NR yenye tarehe ya kuhamia na mishahara ya hapa. Kama alijaza Kentucky ya mwaka mzima, Neema amejitangaza mkazi wa Kentucky hadi 31 Desemba, wakati W-2 yake, fomu ya mwajiri ya mishahara ya mwaka, inaonyesha alikuwa kazini San Diego. Mpelekeeni anayejua kodi za California, aandike marekebisho ya Kentucky na apeleke 540NR ya Neema. Jina la fomu hiyo huwatisha watu kwa kuwa ni ya wasio wakazi, lakini ndiyo hiyo hiyo ya wakazi wa sehemu ya mwaka, na tarehe ya kuhamia ikijazwa vizuri inamtetea. Nakala ya marekebisho iwekwe kwenye faili la chuo pamoja na ushahidi kwamba imepelekwa. Fanyeni hivyo hata kwa kodi zako wewe mama. Tutaeleza sababu hapa chini.

Hati nyingine za kukusanya, zote kwa jina la Neema: barua ya mwajiri inayotaja siku aliyoanza kazi, hati za mshahara za Novemba na Desemba, taarifa ya benki yenye anwani ya San Diego ya miezi ile ile, na uthibitisho wa fomu AR-11 ambayo kila mwenye grini kadi anapaswa kuipeleka idara ya uhamiaji ndani ya siku 10 baada ya kuhama. Mwombeni mwenye nyumba aongeze jina lake kwenye mkataba kama mpangaji. Mkipata mkataba uliorekebishwa mwezi huu, usirudishwe nyuma tarehe: uandikwe tarehe ya kweli, na mwenye nyumba aandike barua fupi kwamba Neema ameishi humo tangu 1 Novemba.

Sasa sababu ya kodi zako. Mwanafunzi anayeomba kubadilishwa kutoka asiye mkazi kuwa mkazi huulizwa kama anajitegemea kifedha: nani amemweka kwenye kodi kama tegemezi, nani anampa pesa, analala nyumba ya nani. Neema anakaa nyumbani, kwa hiyo huenda mmemwandika tegemezi. Hilo halimwangushi. Kanuni inasema utegemezi haumzuii mwanafunzi ikiwa mzazi anayemtegemea ni mkazi wa California. Basi hati zako za hapa, yaani mkataba, kodi na leseni, ziende pamoja na zake. Mwanafunzi ambaye wazazi wake wamebaki Louisville angekuwa na kazi ngumu zaidi.

Kupiga kura: asijiandikishe. Mwenye grini kadi si raia, na asiye raia anayejiandikisha kwa kudai ni raia anatenda kosa la jinai la shirikisho. Anaweza kunyimwa uraia, anaweza hata kuondolewa nchini. Mliingia 2021, kwa hiyo ndio kwanza mnakaribia miaka mitano na kufungua maombi ya uraia, na mojawapo ya maswali yatakuwa kama amewahi kujiandikisha kupiga kura. Ni kweli kwamba orodha za ushahidi wa ukaazi hutaja kadi ya mpiga kura, lakini orodha hizo zimeandikwa kwa raia pia, na hakuna chuo kinachoilazimisha. Awe macho hata DMV, kwa sababu maombi ya leseni huwa na swali la kuandikishwa mpiga kura. Achague kwamba hastahili.

Anwani ya kaka yako haimfai kitu. Anachoulizwa Neema ni yeye mwenyewe amekuwa California tangu lini, na miaka tisa ya mjomba haihamii kwake. Tena maombi ya chuo husainiwa kwa kiapo, na uongo ndani yake ni kosa. Ushauri huu huzunguka kwa sababu una maana katika majimbo mengine. Texas na Maryland, kwa mfano, vyuo vya jamii vina bei ya mkazi wa eneo la chuo, bei ya mkazi wa kwingine jimboni, na bei ya mtu wa nje ya jimbo, kwa hiyo huko kaunti unayolala inabadilisha bili. California, ukishakuwa mkazi wa jimbo, dola 46 ni zile zile San Diego au Sacramento.

Masomo ya Agosti ayaache sasa, kabla muhula haujaanza. Kwa muhula wa kawaida, kuacha ndani ya wiki mbili za kwanza humrudishia mtu ada yote. Akipitiliza, deni linabaki hata kama hakukanyaga darasani, na deni hilo litamfungia kujiandikisha Januari. Msitegemee chuo kimfute chenyewe kwa kutolipa, maana vyuo vingine hufuta na vingine huacha bili ikikua. Kabla ya kuacha aulize swali moja: je, wilaya hii inawasamehe wasio wakazi wanaochukua yuniti 6 au pungufu? Sheria inaziruhusu wilaya kufanya hivyo, kwa wote au kwa hakuna. Kama ipo, achukue masomo mawili ya msingi na kulipa dola 46 kwa yuniti. Kama haipo, asubiri.

Kuna atakayewaambia Pell, ruzuku ya serikali ya shirikisho kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, italipa. Neema mwenye grini kadi anaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada huo, na kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiwango cha juu cha Pell kilikuwa dola 7,395, yaani kama 3,697 kwa muhula. Mngebaki kudaiwa zaidi ya dola 1,000 na vitabu havijanunuliwa. Pell ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12 ya kusoma muda wote, na safari ya uuguzi ni ndefu: masomo ya lazima ya anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia kwanza, kisha programu yenyewe, kisha labda shahada. Sisi tusingeichoma ruzuku kwenye ada inayotoweka baada ya miezi mitano. Januari, ikiwa bili ya dola 46 imefutwa na Promise Grant, Pell hiyo hiyo itamlipia vitabu, nauli na chakula. FAFSA ajaze sasa hata hivyo, isubiri tayari.

Miezi hii mitano asikae bure. San Diego College of Continuing Education haitozi ada kwa kozi zake zisizo na yuniti, na haijali mtu ana miezi mingapi jimboni. Ina kituo cha Mid-City hapo hapo City Heights, na hufundisha Kiingereza, kompyuta na kozi za kazi za afya. Hazitahesabiwa kama yuniti za uuguzi, lakini Kiingereza cha kitaaluma ndicho kinachowaangusha wengi kwenye anatomia. Mwambie asiende kufanya kazi Louisville miezi hii, hata kama malipo ni mazuri. Kutoka jimboni kwa muda mfupi peke yake hakuvunji ukaazi, ila W-2 ya Kentucky ndani ya mwaka huo huo ni swali jingine la kujibu.

Mapema Novemba aende dawati la udahili, aombe fomu ya kubadilisha hadhi ya ukaazi, na aiwasilishe na hati zote kabla muhula haujaanza. Tarehe aliyoanza kuishi California iwe ile ile kila mahali: 27 Septemba kwenye maombi, kwenye 540NR, na kwenye fomu hii. Tarehe zinazopishana ndizo zinazokwamisha mafaili mengi kuliko hati zinazokosekana. Chuo kikikataa, aombe jibu kwa maandishi. Ana siku 30 za kalenda tangu kuarifiwa uamuzi kukata rufaa kwa maandishi, na rufaa nzuri hujibu sababu iliyoandikwa kwenye barua yao, hati kwa hati.

Kuhusu mdogo wako wa Kigoma: hapana. Viza ya F-1 hutolewa kwa mtu anayeahidi kwamba makazi yake yako nje ya Marekani na atarudi huko, kwa hiyo kisheria hawezi kujenga nia ya kubaki California. Akae mwaka mmoja au mitano, atalipa bei ya asiye mkazi maadamu yuko kwenye viza hiyo, na lazima achukue angalau yuniti 12 kila muhula. Kwa bei ya bili yenu, yuniti 24 kwa mwaka ni dola 9,504 kabla ya kodi ya nyumba, chakula na bima ya afya. Chuo kitataka taarifa za benki zinazoonyesha pesa hizo zipo kabla ya kumtolea I-20, karatasi anayohitaji kuombea viza. Kaeni naye mpige hesabu hiyo kabla hajalipa ada ya kwanza ya maombi.